Kitunga Hairudiake Tupu

Watu wa Kavimvira, kule Uvira, wenye kukaa juu ya barabara walikuwa na neno yao moja. Wingu nyeusi ikisimama ku mulima, wanasema: acha, mvua itapeleka. Na mvua ilikuwa inapeleka kweli. Unaona mama anatoka na ndoo ya takataka, anasimama kando ya mutaro, anaangalia mbingu sawa muntu mwenye anangojea gari. Tone ya kwanza inaanguka, anamwanga. Jirani naye anamwanga. Maganda ya mihogo, majivu, viatu vyenye vimeoza, na sashe, ile mifuko nyepesi ya plastike. Sashe kupita vyote. Sashe nyeusi za sukari, sashe za bluu za mukate, na zile ndogo za maji zenye watoto wanafyonzaka kisha wanatupa palepale. Maji inashuka na nguvu, inazoa yote, na watu wa juu wanaingia ndani kunywa chai. Kupeleka, sawa. Kupeleka wapi? Hiyo hakuna mwenye alikuwa anauliza.

Ilikuwa inapeleka kwa Bénédicte.

Nyumba ya Bénédicte ilikuwa ya mwisho, pale mutaro inaishia mbele ya ziwa. Zamani haikukuwa ya mwisho. Nyuma yake kulikuwa nyumba zingine, kulikuwa kiwanja ya mupira, kulikuwa hata kanisa ndogo ya mabati yenye waimbaji wake hawakujua kunyamaza. Kisha ziwa ikapanda, ile kupanda yenye kila muntu wa Uvira iko na hadithi yake, ikakula kiwanja, ikakula kanisa pamoja na ngoma zake, ikafika ku choo ya Bénédicte, ikasimama. Ikasimama pale sawa mugeni mwenye anangojea aambiwe ingia. Basi mama wa watu akabaki katikati ya maji mbili: ile ya nyuma yenye ilikuja polepole, na ile ya mbele yenye ilikuja na mbio, imebeba uchafu ya wengine. Na nyumba yenyewe ni ya matofali mabichi. Tofali bichi na maji ni kama sukari na chai. Kila mvua ilikuwa inaramba ukuta kidogo, na mvua ikiisha Bénédicte anakanda udongo, anaziba, anapigapiga na kiganja, anaongea na ukuta vile muntu anaongeaka na mugonjwa: kaza roho, kaza roho kidogo tena.

Ile matofali alifyatuaka bwana yake na mikono yake mwenyewe, mbele ya kufa. Na bwana yake aliacha mudogo wake mumoja, Protais. Hapo ndipo maneno inaanziaka.

Protais alikuwa na butike kule juu, kando ya barabara. Aliuza chumvi, sabuni, biskwiti, lakini kitu yenye ilimunonesha ni sashe. Aliziuza kwa pakiti. Wamama wote wa soko walikuwa wanachukulia kwake, na wenye butike ndogondogo vilevile. Watu wakamupa jina Papa Sashe. Yeye hakuchukia, alicheka, na tumbo ikacheka naye. Tena alikuwa na viti vya plastike, vyekundu, vingi, vya kuazimisha watu kama kuko kilio ao ndoa. Nyuma ya kila kiti aliandikisha PROTAIS na rangi nyeupe, herufi kubwakubwa, kwa sababu kwetu kiti ya plastike inatembeaka sana: leo iko kwa kilio, kesho iko kwa ndoa, na yenye haina jina hairudiake kwao.

Muntu atasema, na salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote, je? Salongo ilikuwako. Jumamosi shefu wa avenue anapita na filimbi yake, watu wanatoka na mapauro ya kuzolea matope, wanatoa sashe ndani ya mutaro, wanaziweka lundo kando ya mutaro. Kisha mvua inakuja, inarudisha lundo ndani ya mutaro. Hivyo ndivyo kazi ilikuwa haiishe.

Sasa, kulikuwa mvua moja ilipiga ya kweli. Kulipokucha Bénédicte alikuta sashe mupaka chini ya kitanda. Moja ilikuwa imelala ndani ya sufuria ya mboga ya sombe, imenyooka, sawa yenye ilialikwa. Inje, ndagala zake za kuuza soko zenye alianika zilikuwa zimechanganyika na matope na sashe, huwezi jua samaki ni gani na plastike ni gani. Na ukuta ya upande ya ziwa ilikuwa imetoa tumbo. Bénédicte aliingia ndani, akatoa kitunga ya mama yake juu ya kabati, akaanza kuokota sashe moja moja, na matope yake, akajaza mupaka juu.

Kitunga, muntu mwenye hakukomalia kwetu anawaza ni kitu ya kubebea tu. Apana. Jirani akikutumia chakula ndani ya kitunga, ile kitunga hairudiake kwake tupu. Unatia ndani kitu: mihogo mbili, chumvi kidogo, hata kuni ya kuwashia moto kama hauna kingine. Vile kitunga inaenda na kurudi, ndivyo undugu inaenda na kurudi. Wazee walisemaka, nyumba zenye zinapeana kitunga haziuwane. Kurudisha tupu, ni sawa umesema: mimi na weye, basi. Na ndiyo juu ya sashe ile desturi ilianza kufa, juu hakuna muntu anarudishaka sashe. Chakula inakuja ndani ya sashe, unakula, unatupa, na jirani naye umemutupa hapohapo bila kujua.

Lakini kitunga ya mama yake Bénédicte ilikuwa ya zamani, ya kusukwa vizuri, na mutaa wote ulikuwa unaijua. Akaitia ku kichwa, maji ya matope ikamuchuruzikia ku shingo, akapanda barabara.

Alikuta Protais amekaa ku mulango ya butike, anakunywa chai. Akaishusha mbele ya miguu yake.

"Shemeji, chakula yenye ulitutumia ilifika. Nimekurudishia kitunga, na si tupu."

Protais aliangalia ile kitu yenye ilikuwa inanuka mbele yake. Hakusimama. Watu walikuwa wameanza kupunguza mwendo, wengine wakajifanya wanafunga viatu, na muntu mwenyewe amevaa sandale.

"Mama Jolie," akamuita kwa jina ya binti yake, polepole, ya kusikika na wote. "Hizi sashe, uliziuliza jina? Sashe haina jina. Barabara muzima inamwanga, weye unaona mulango yangu tu."

"Barabara muzima inanunua kwako."

"Na weye? Ndagala zako, unafungiaka watu ndani ya nini? Ndani ya kitambaa ya meza ya pasta wa kanisa?"

Watu wakacheka, ile kicheko ya barabarani yenye haina mwenyewe. Na Bénédicte alijua ni kweli. Pakiti ya sashe nyeusi yenye ilikuwa ndani ya mufuko wa kitenge yake hata saa ile, alinunua kwa Protais. Kila muntu mwenye alinunua ndagala zake aliondoka na sashe, na ile sashe kesho yake ilikuwa mu mutaro, na kesho kutwa ilikuwa chini ya kitanda yake mwenyewe. Alishuka barabara na masikio ya moto. Kitunga aliiacha kule.

Muchana wa siku ileile, jua kali, njia imejaa watu, Protais akaituma irudi. Aliyetumwa ni binti yake Naomie, musichana mukubwa, mwenye haya. Alikuwa anaibeba imepinduliwa, mudomo chini, vile baba yake alimuamuru, na machozi ilikuwa inamushuka. Wamama wenye kuchota maji wakatua ndoo zao. Kitunga tupu ni neno mubaya. Kitunga tupu, mudomo chini, hiyo ni kaburi. Naomie akaiweka ku mulango, akasema samahani mama mukubwa, akakimbia.

Bénédicte akaitazama tu. Ndani ya nyumba, nyuma yake, binti yake alianza kulia.

Huyu binti ndiye Jolie mwenyewe. Kijana wa Kiringye, Gracien, mulimaji wa muchele, alimupenda, wazee wakaongea, na Jumamosi yenye ilikuwa inakuja wakwe walipaswa kushuka na maneno ya dote, ile mahari ya Jolie. Sasa, mama anaweza kubeba mimba peke yake, anaweza kulea peke yake, kulipa masomo peke yake kwa ndagala, lakini dote hapokeake. Dote inapokelewa na upande ya baba. Baba alikufa. Upande ya baba ilikuwa muntu mumoja tu, na huyo muntu amepindua kitunga muchana.

Jolie hakumwambia mama yake maneno mingi. Alimwambia kama wakwe watakuta kiti ya baba iko wazi, watageuka palepale, na watakuwa na haki. Kisha akasema kitu yenye iliingia ndani: kwamba wasichana wengine wanakosaka bwana juu ya uchawi, ao juu ya tabia, yeye atakosa juu ya sashe.

Usiwaze Bénédicte alilainika. Kwanza alikasirika zaidi, na hasira yake ikaenda soko. Asubuhi alifika bila sashe hata moja. Alikuwa na muzigo ya majani ya migomba yenye alipitisha ku moto ikalainika, vile mama yake alikuwa anafanyaka, na kamba za migomba. Muntu akija, Bénédicte anapima ndagala, anafunga ndani ya jani, anafunga kamba. Muteja wa kwanza akauliza sashe iko wapi. Bénédicte akamwambia hakuna. Yule mama akaangalia ile jani sawa yenye wamempatia nyoka, akasema yeye si muchawi wa kutembea na majani barabarani, akarudisha ndagala ku meza, akaenda kwa Abigaïl.

Abigaïl ni ule mwenye alikuwa anauzia pembeni yake, meza kwa meza, miaka na miaka. Ulimi yake ilikuwa sawa wembe ya kunyolea. Akaanza kuita wateja kwa sauti ya kuimba, kwamba waje kwake, kwake samaki hazivae majani sawa Adamu na Hawa. Soko ikacheka. Kukakuja mwanamume mumoja mwenye shati ya ofisi, akaambiwa kama hataki jani alete bakuli yake kutoka nyumbani, akamwambia Bénédicte yeye alikuja kununua samaki, hakukuja kuhama nyumba. Muzee mumoja tu ndiye alipokea lile jani, akalinusa, akasema ndagala ya jani haichache, ile ya sashe inatokaka jasho. Lakini muzee mumoja hajazake soko. Jioni Bénédicte alibeba ndagala zake karibu zote kurudi nazo. Na kesho yake akafika tena na majani. Abigaïl akamuuliza kama amerogwa. Akamwambia hapana, amechoka kujitumia uchafu yeye mwenyewe.

Katikati ya juma akakuja muzee Dieudonné, muzee wa kanisa, mwenye alikuwa anapatanishaka watu. Alikuwa ametoka kwa Protais. Ujumbe ilikuwa fupi: Mama Jolie apande, apige magoti mbele ya Protais na bibi yake, aombe radhi juu ya haya yenye aliwapatia. Bila hiyo, Protais Jumamosi atakuwa na safari.

Bénédicte akauliza: yeye atampigia Protais magoti, na ukuta yake, nani ataipigia magoti? Muzee Dieudonné akasema tu, fikiri mutoto.

Akafikiri mutoto. Akapanda. Akapiga magoti ku simenti ya Protais, mbele ya bibi yake Georgette mwenye alijifanya anachambua maharagi, akasema:

"Shemeji, nisamehe juu ya haya nilikupatia mbele ya watu."

"Na juu ya sashe?"

"Sashe sikuzituma mimi."

Georgette akakohoa. Protais akamwangalia pale chini sawa muntu mwenye anawaza kama kitu imeiva ao bado. Mwisho akasema atakuja, na si juu yake, ni juu ya damu ya kaka yake. Na atatuma viti vyake, juu hataki wakwe wa Kiringye wakalie mabenchi yenye inanuka ndagala. Bénédicte akaomba neno moja tu: ile Jumamosi, Protais aambie watu wa barabara wasimwange mu mutaro. Watu wanamusikiaka. Protais akacheka, akauliza kama sasa anataka aamuru na mvua vilevile. Bénédicte akajipangusa magoti, akashuka. Njia muzima alikuwa anatafuna mate yake, machungu.

Jumamosi ikafika. Asubuhi mulima ulikuwa umevaa wingu. Bénédicte alisiliba ukuta, ile tumbo akaifunika na kitenge mupya sawa ni pambo. Akafunga bashi, turubai ya kivuli, inje, juu ya miti nne. Viti vyekundu vikashuka ku pusupusu, ile mukokoteni ya kusukuma, PROTAIS, PROTAIS, PROTAIS, migongo yote inaita mwenyewe. Georgette, wakati wa kuvipanga, akasema kimoja kilivunjika muguu wakati wa kupakiza, wamekiacha juu. Hakuna mwenye alishika ile neno. Mwenyewe Protais akafika nyuma, kostime ya kijivu, kravati, viatu unaweza kujiangalia ndani. Akapita mbele ya shemeji yake bila salamu, akakaa ku kiti ya katikati, akakunja miguu.

Wakwe wakafika na nyimbo. Musemaji yao alikuwa muzee Déogratias, muntu wa Kiringye mwenye alijulikana kwa maneno yake na kwa kujua kusoma. Hata ku gari alikuwa anasoma kila kibao kwa sauti. Pembeni yake alikaa shangazi wa kijana, Félicité, mwenye macho ya kupima. Kijana Gracien alikaa katikati yao, kichwa chini, vile inapaswa, juu siku ya dote bwana-arusi hana mudomo.

Protais akaongea. Ukweli ni ukweli, alikuwa anajua kuongea. Alisema nyumba ile ni nyumba ya heshima, binti ile amelelewa ndani ya usafi, na yeye, baba yake mudogo, amesimama pahali pa kaka yake sawa paa inasimama juu ya ukuta. Bénédicte alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na wamama. Aliposikia ukuta, alishika ukuta yake na mukono.

Tone ya kwanza ikagonga bashi.

Hakuna mwenye alijisumbua. Kisha ikakuwa nyingi, kisha ikakuwa kelele, na kule juu ya barabara, bila hata kuona, Bénédicte alijua ndoo zinatoka. Alizisikia ndani ya mifupa. Mutaro ikaanza kunguruma. Maji ikafika ku kona ya uwanja, nyeusi, na povu, na sashe zinacheza juu yake, nyeusi na bluu. Musemaji Déogratias alikuwa anajibu maneno ya Protais na mithali yake ya pili, akainua miguu kidogo, akaendelea. Bado ingekuwa mvua sawa mvua zingine. Lakini ku mudomo wa mutaro, pale inaingia chini ya kadaraja ka miti mbele ya kufika ziwa, kitu ikakwama. Kitu nyekundu. Sashe zikaifikia, zikaishika, zingine zikashika zile, na kwa muda kidogo ikakuwa ukuta. Maji ikakosa njia. Ikageuka, ikaingia uwanja muzima.

Ikapita chini ya viti. Ikaingia ndani ya viatu vya Protais vyenye kung'ara. Ndani ya nyumba wamama wakaanza kunyanyua sahani za wakwe, na ile kitenge mupya ya ukuta ikalowa chini, ikaanza kupanda rangi ya udongo. Na palepale maji ikainua ile kitu nyekundu, ikaigeuza mugongo, ikaonyesha watu wote.

Muzee Déogratias akakata mithali yake. Akasogeza shingo mbele. Kwa sababu ni muntu wa kusoma kila kibao, akaisoma.

"Pro-ta-is."

Akageuka akaangalia mugongo wa kiti yake mwenyewe. Akaangalia tena ile ya mutaro, muguu mumoja umekatika, sashe zimeifunga sawa bandeji. Kisha akaangalia mukubwa wa nyumba.

"Baba," akasema, "kiti yako nayo imekuja kusikiliza."

Georgette ndiye alijisahau, akasema chini chini: "Si nilikuambia ukitupe nyuma ya nyumba." Lakini mvua ilikuwa imepumua kidogo saa ile, na wote wakasikia. Kumbe asubuhi, akiwa tayari ndani ya kostime, Protais aliona wingu, akabeba kiti na takataka ya butike ya juma muzima, akamwanga, akajipangusa mikono, akasema mvua itapeleka. Si ubaya hata. Ni mazoea tu. Na ile mazoea ndiyo ilikuwa mbaya kuliko ubaya.

Shangazi Félicité akasimama. Akasema, bila kelele, kama hawa wanatupia uchafu mujane wa ndugu yao, na wamekaa naye hapa pamoja, wao watu wa Kiringye watatupiwa nini siku wakikuwa ndugu? Akaokota mukoba yake. Wengine wa upande yao wakaanza kusimama, viti vikaelea nyuma yao. Gracien akainua kichwa akamutafuta Jolie na macho.

Jolie alikuwa amesimama ku mulango, maji ku vifundo, ameshika pazia sawa ndiyo itaanguka.

Na Bénédicte? Neno ilikuwa ndani ya mudomo yake, tamu sawa asali. Aliingojea tangu mvua na mvua. Angeweza kuitema pale, na Protais asingeinua uso tena Kavimvira yote. Na wakwe wangeondoka nayo kama habari ya njiani. Akaimeza. Akaingia ndani, akashusha kitunga ya mama yake, akapita ndani ya maji mbele ya watu wote, akaiweka juu ya magoti ya Protais, mudomo juu.

"Shemeji. Kitunga hairudiake tupu."

Watu wa Kiringye nao wanajua kitunga. Walisimama vile walikuwa, wengine na mukoba mukononi, wengine muguu hewani, wakaangalia.

Protais aliangalia ile kitunga. Kisha akavua koti, akamupa Georgette. Akavua viatu. Akakunja suruali mupaka ku magoti, akaenda mvuani na miguu yake minene, akaingia mu mutaro. Gracien akataka kusimama amusaidie, muzee Déogratias akamuwekea mukono ku bega, akasema acha, ile ni kitunga ya wenyewe.

Alivuta kiti, ikakataa. Alivuta tena, akaanguka, kravati ikaingia ndani ya matope. Akainuka. Akaanza kung'oa sashe na mikono, viganja viganja, anatia ndani ya kitunga, sashe za chumvi, sashe za sukari, zenye aliuza yeye, zenye walinunua wote, na zingine zenye zilikuwa bado na harufu ya ndagala za Bénédicte. Mwisho ukuta ile ikaachia. Maji ikameza pumzi, ikashuka ziwani na kelele, na uwanja ikabaki matope na viti vyekundu vyenye vimelala ubavu.

Protais akarudi na kitunga imejaa, inachuruzika. Akaisimika ku kizingiti. Akakaa ku kiti yake, miguu mitupu, matope mupaka ku nyusi.

"Tuendelee," akasema.

Shangazi Félicité akarudisha mukoba chini ya kwapa. Hakukaa, pa kukaa hapakukuwako. Muzee Déogratias akasema wao walikuja kutafuta muntu wa kuongea naye, na mbele ya mvua huyu baba alikuwa anaongea vizuri sana, mupaka walianza kuogopa. Sasa wanaona ni muntu. Wakamaliza maneno ya dote wamesimama, ndani ya matope, haraka, na mikono ikashikana.

Wakati ya kuondoka Protais alipita karibu na Bénédicte, koti ku bega. Akamwambia chini chini:

"Hii sitakusamehe."

"Sikukuomba," akajibu.

Na kitunga Protais aliipandisha mwenyewe, ku kichwa, na zile sashe zake, barabara muzima inaangalia. Hakuna mwenye alicheka, juu kila muntu alikuwa anaogopa yake nayo iko ndani.

Siku zikapita. Salamu hakuna. Kanisani mumoja anakaa upande wa wamama wa mbele, mwengine anatokea mulango wa nyuma. Lakini watu waliona kitu: wingu ikisimama, Protais anatoka ku butike na fimbo, anasimama kando ya mutaro, na mwenye analeta ndoo anatukanwa mupaka babu yake. Si juu ya upendo. Jina yake ilishaka kushuka mara moja mbele ya watu, hakutaka ishuke tena. Sashe bado alikuwa anauza. Na Bénédicte bado alikuwa anafunga majani, na Abigaïl bado anaimba Adamu na Hawa, lakini wateja wengine wakaanza kufika na bakuli zao, wanazificha chini ya kitenge sawa wameiba.

Asubuhi moja Bénédicte alifungua mulango, akakuta kitunga ku kizingiti. Hakukupigwa hodi. Ilikuwa imeoshwa. Mudomo juu. Ndani kulikuwa bunga ya mihogo, nyeupe, nzuri, ya kutosha bugali ya watu wengi. Na ile bunga ilikuwa imefungwa ndani ya sashe nyeusi, mupya kabisa, imefungwa fundo mbili.

Bénédicte akamwanga bunga ndani ya sufuria. Ile sashe akaiosha, akaianika ku kamba pamoja na nguo, ikapigwa na upepo ya ziwa mupaka ikakauka. Akaikunja vizuri, ikakuwa ndogo sawa leso. Akachukua ndagala, zile kavu, zile za kuchagua, akazifunga ndani ya jani, akazitia ndani ya kitunga. Juu yake akaweka sashe ya Protais.

Akamuita Jolie, akamwambia apeleke kwa baba yake mudogo, akifika aweke ku mulango, asiseme kitu. Jolie akauliza na sashe hii ni ya nini.

"Ni yake," mama akasema. "Aone vile inarudishwaka."